Nyumba Ina Maneno Mengi, Mtoto Anapata Mangapi?

Mwambie mama wa Lamu azungumze zaidi na mwanawe wa mwaka mmoja, naye atakuuliza: kwani nyumba hii hunyamaza lini? Alfajiri kuna adhana. Kukipambazuka jirani anapiga hodi, shangazi anakuna nazi huku akisimulia harusi ya jana, watoto wakubwa wanagombania viatu wakienda chuoni kusoma Kurani, redio inasoma habari, na kichochoroni mchunga punda anapaza sauti apishwe. Mtoto wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, anazaliwa ndani ya maneno, na la kwanza kulisikia huwa ni adhana anayosomewa sikioni. Kwa hiyo ule ushauri wa "ongea na mtoto", unaotolewa kliniki, redioni na kwenye video za simu, humwingia mama huyu sikio hili ukatokea lile. Anaona ameshautimiza kabla hajaambiwa.

Swali lake lina uzito kuliko ushauri aliopewa, na watafiti wa lugha ya watoto wamekuwa wakilibishania kwa miaka mingi. Je, maneno yanayopita juu ya kichwa cha mtoto yanahesabika? Au yanahesabika yale tu anayoambiwa yeye? Na akiambiwa, kinachomjenga ni wingi wa maneno au ni kitu kingine?

Milioni 30 zilivyopatikana

Mjadala huu ulipata umaarufu kwa sababu ya namba moja. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, walichapisha matokeo ya kazi ndefu waliyoifanya jijini Kansas City. Waliingia katika nyumba za familia 42, saa 1 kila mwezi, tangu mtoto akiwa na miezi 7 hadi 9 mpaka alipofika miaka 3, wakirekodi na kuandika yote yaliyosemwa. Katika nyumba za wazazi wenye kazi za kitaaluma mtoto alipata wastani wa maneno 2,153 kwa saa. Katika nyumba zilizoishi kwa msaada wa serikali alipata 616.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya kuzidisha. Chukua maneno hayo ya saa moja, zidisha kwa saa 100 za kuwa macho kwa wiki, kwa wiki 52, kwa miaka 4. Mtoto mmoja anafikia karibu maneno milioni 45, mwenzake milioni 13. Pengo ni kama milioni 30, na namba hiyo ikasambaa duniani kuliko utafiti ulioizaa. Miji ya Marekani ikaanzisha miradi ya kuwahimiza wazazi waseme zaidi. Jiji la Providence, kwa mfano, lilizivalisha familia vijirekoda vya kuhesabu maneno, kwa fedha za tuzo ya dola milioni 5 lililoshinda mwaka 2013.

Tatizo ni kwamba ukiikagua namba hiyo, inalegea. Familia zilizoishi kwa msaada wa serikali zilikuwa 6 tu. Mgeni mwenye kinasa sauti alikuwa amekaa pale pale sebuleni, na kila mtu anajua kwamba mgeni wa namna hiyo humfanya msomi ajionyeshe na humfanya mnyonge anyamaze. Mwaka 2017 watafiti waliotumia vijirekoda vya siku nzima, bila mgeni nyumbani, walikadiria pengo la maneno milioni 4 hivi kufikia miaka 4, kati ya kundi la juu kabisa na la chini kabisa. Halafu Douglas Sperry na wenzake wakapitia upya rekodi za jamii tano za Marekani, wakahesabu pia maneno yaliyosemwa karibu na mtoto na watu wote wa nyumba. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba baadhi ya jamii maskini ziliwazidi kwa maneno hata wenye nafasi.

Kwa maoni yangu namba ile ilifanya madhara mahali fulani. Iliwafundisha watu wa kliniki na wa mashirika kumtazama mama maskini kana kwamba nyumba yake ni jangwa la lugha, akawa anahubiriwa badala ya kuulizwa anaongeaje na mwanawe. Ukija na dharau hiyo katika mji wa tenzi na mabaraza kama Lamu, utafungiwa mlango, na utakuwa umestahili.

Kusikia na kuambiwa

Lakini tusifurahi mapema. Kuporomoka kwa milioni 30 hakumaanishi kwamba mazungumzo ya shangazi na jirani yanamtosha mtoto. Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, na ndipo panapofaa kukaa zaidi.

Adriana Weisleder na Anne Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2013 utafiti wa familia 29 za Marekani zinazozungumza Kihispania, zote za kipato cha chini. Watoto walikuwa na miezi 19. Kwa siku moja ya saa 10, mtoto mmoja aliambiwa yeye mwenyewe maneno zaidi ya 12,000. Mwingine aliambiwa 670. Umaskini ulikuwa ule ule, lugha ile ile, na tofauti ni hiyo. Watoto walioambiwa zaidi ndio waliokuwa na msamiati mpana walipofika miaka 2, na ndio walioyatambua kwa haraka zaidi maneno waliyokuwa wakiyajua. Maneno waliyoyasikia tu yakipita kati ya wakubwa hayakuonyesha uhusiano huo.

Laura Shneidman na Susan Goldin-Meadow walikuta jambo linalofanana katika kijiji cha Wamaya wa Yucatán, Mexico, ambako watoto hukaa katikati ya watu wengi na husikia mengi kuliko wanayoambiwa, kama ilivyo kwetu. Maneno aliyoelekezewa mtoto akiwa na miaka 2 yalibashiri msamiati wake mwaka uliofuata. Yale ya pembeni hayakubashiri.

Kisha kuna upande wa pili, ambao haufai kufichwa. Marisa Casillas na wenzake walirekodi watoto 10 wa Watzeltal, Wamaya wa nyanda za juu za Chiapas, huko huko Mexico. Huko mtoto mdogo husemeshwa yeye mwenyewe kwa dakika 3.6 tu katika kila saa. Pamoja na hayo, watoto hao walianza kubwabwaja, kutamka maneno ya kwanza na kuunganisha maneno mawili katika umri unaokaribiana na wa watoto wa kwingineko. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtisha mzazi kwamba mwanawe atakuwa bubu kwa kuwa hakusemeshwa vya kutosha. Mtoto mwenye masikio mazima na ubongo mzima, akiwa kati ya watu wanaosema, atasema.

Ukiziweka kazi hizi pamoja, naona hazigombani sana. Kuanza kusema ni jambo moja. Upana wa msamiati na wepesi wa kuelewa ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linaloongezeka mtoto anapoambiwa yeye mwenyewe. Mama wa Lamu ana haki kwamba nyumba yake haikaukiwi na maneno. Anachoweza kujiuliza ni mangapi kati ya hayo yalimtazama mtoto usoni.

Kupokezana

Kuna hatua moja zaidi. Hata maneno aliyoambiwa mtoto hayalingani. Rachel Romeo na wenzake, jijini Boston, waliwachunguza watoto 36 wa miaka 4 hadi 6. Waliwarekodi nyumbani, kisha wakawasomea hadithi wakiwa ndani ya mashine inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Matokeo ya mwaka 2018 yalikuwa hivi: kilichoendana na utendaji wa eneo la Broca, sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha, ni idadi ya mara ambazo mtoto na mtu mzima walipokezana maneno. Idadi ya maneno ya mtu mzima peke yake haikueleza tofauti hiyo, wala kipato cha familia hakikuieleza.

Hili limeonekana hata kwa watoto wasiojua neno. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Marekani wa miezi 9 wakawachezesha kwa Kichina mara 12. Waliochezeshwa na mtu aliye mbele yao walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wenzao waliletewa mtu yule yule, maneno yale yale, lakini kwenye televisheni. Hawakujifunza chochote. Televisheni inasema vizuri tu, lakini haimngoji mtoto.

Pwani tuna bahati ambayo sioni ikitajwa kwenye semina. Adabu zetu zimejengwa juu ya kupokezana. Hodi haikamiliki bila karibu. Shikamoo inangoja marahaba. Msimulizi haanzi mpaka ajibiwe "hadithi njoo", na mwenye kitendawili hategi kabla watu hawajasema "tega". Mtoto wa miaka 2 anayesukumwa mbele ya babu aseme shikamoo, kisha akasubiri macho yamemtoka mpaka aitikiwe, yuko katika mazungumzo kamili: ametoa, amengoja, amepokea. Anayemwitikia kwa haraka huku akitazama kwingine anamnyima nusu ya somo.

Ugumu wenyewe uko kwenye kungoja. Watu wazima tunapozungumza, wastani wa pengo kati ya anayemaliza na anayejibu ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na utafiti wa lugha 10 tofauti duniani uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta hali hiyo karibu kila mahali. Mtoto hana kasi hiyo. Anahitaji kusikia, kuelewa, kutafuta neno, kisha kuuagiza ulimi. Sisi tumeshazoea pengo letu fupi, kwa hiyo akikawia kidogo tunadhani hana la kusema, tunaendelea. Bibi anamuuliza, "Unataka uji?" na kabla hajafungua mdomo shangazi anajibu, "Anataka, mpe." Katika nyumba yenye watu saba, zamu ya mtoto huliwa na wakubwa siku nzima, wala si kwa ubaya.

Simu, ya karibu na ya mbali

Simu inastahili aya zake kwa sababu inafanya mambo mawili yanayopingana.

Mwaka 2017 Jessa Reed, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walichapisha jaribio jepesi. Mama alimfundisha mwanawe wa miaka 2 maneno mawili mapya, moja baada ya jingine. Katika moja ya mafunzo hayo simu ya mama ililia katikati, akapokea, kisha akarudi kuendelea. Idadi ya mara ambazo mtoto alilisikia neno ilikuwa sawa pande zote mbili. Neno lililofundishwa bila kukatizwa lilishikwa, na lile lililokatizwa na simu halikushikwa. Mtu akiangalia ujumbe mmoja wa WhatsApp huwa anahesabu sekunde alizotumia. Mtoto anapoteza uzi mzima.

Upande wa pili ni wa baba aliye Doha au Jeddah. Familia nyingi za pwani zina mtu Ghuba, na mara nyingi nasikia wazazi hao wakijisemea kwamba hawana mchango mpaka warudi. Hirsh-Pasek na Golinkoff, pamoja na Sarah Roseberry, walilijaribu hilo mwaka 2014 kwa watoto wa miezi 24 hadi 30. Watoto walijifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kwa video ya mtandaoni, karibu sawa na aliyekaa nao chumbani. Hawakujifunza kwa video iliyorekodiwa. Sababu ni ile ile: mtu wa video ya moja kwa moja anamjibu mtoto. Kwa hiyo baba asitume tu video yake akiimba. Apige, ashikiwe simu mbele ya mtoto, aulize kile kilicho mkononi mwa mtoto wakati huo, kisha angoje. Dakika tano za namna hiyo ni malezi.

Kuhusu katuni, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Najua mama anayepika peke yake huku mtoto akimvuta kanga ataucheka mwongozo huu. Simlaumu anayewasha katuni ili mafuta yasimwagikie mtoto. Asiamini tu tangazo linalomwambia kwamba katuni hiyo inamfundisha kusema.

Jikoni na kichochoroni

Basi mzazi afanye nini, ambaye hana saa ya ziada? Habari njema ni kwamba haihitajiki. Miradi mingi hukosea kwa kumfanya mama mwalimu, akae chini na picha aulize "hii nini, hii nini" mpaka mtoto akimbie. Mazungumzo yanayojenga yanaingia ndani ya kazi iliyopo.

La kwanza ni kufuata macho ya mtoto. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba mtoto hushika zaidi jina la kitu anachokitazama tayari kuliko cha kuvutwa akitazame. Ukiwa unakamua tui na yeye anatazama kifumbu, sema kifumbu. Ukitaka kumwonyesha jahazi baharini naye amekazia macho kaa miguuni pake, jahazi litangoja.

La pili ni kuchukua alichotoa, ukakirudisha kikiwa kimeongezeka kidogo. Mtoto yuko kwenye daka la nyumba, yaani baraza ya mlangoni, anapitishwa punda na gunia.

"Da!" anasema, kidole kimenyooka.

"Punda! Punda amebeba mchanga." Mama ananyamaza.

Kimya. Punda anapita. "Nga," anasema mtoto.

"Eee, mchanga. Mzito!"

Ni sekunde kumi hivi, na ndani yake mtoto ameanzisha mada, amesikilizwa, amepewa sentensi kubwa kidogo kuliko yake, na amepata zamu ya pili. Hakuambiwa "sema punda, sema vizuri". Kumsahihisha hakuhitajiki kwa sababu umbo sahihi ameshalisikia kwenye jibu.

Kiswahili kina kazi yake hapa. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kama katika "ameniona", na mtoto ana kazi ya kukichambua. Mtafiti Kamil Ud Deen, aliyewarekodi watoto wanaojifunza Kiswahili jijini Nairobi, alionyesha kwamba katika umri mdogo huviacha mara kwa mara viambishi vya mwanzo, wakatoa kitenzi bila nafsi au bila wakati. Ni hatua ya kawaida. Kinachomsaidia ni kusikia mzizi ule ule ukivaa nguo mbalimbali katika jambo moja analoliona: "Tule. Unakula? Paka naye anakula. Umekula wote! Baba atakula akija." Mama wa pwani hufanya hivi bila kufundishwa anapomlisha mtoto. Nashauri afanye zaidi wakati wa kuoga na kuvaa pia, ambapo mara nyingi tunafanya kazi kimya ili tumalize.

Kitabu cha picha ni kizuri kikiwepo. Kisipokuwepo, kanga ya mama iko begani kila siku: ina maua, ina korosho, ina pindo, ina rangi za kutajwa na kutafutwa. Sioni kwa nini tuseme nyumba haina cha kusoma na mtoto.

Jambo moja silipendi katika maongezi yetu na watoto wa umri huu, nalo ni amri. Sikiliza nyumba yoyote kwa nusu saa: acha, toka, usiguse, kaa, nyamaza, njoo. Nyingi ni za lazima, kuna jiko na kuna ngazi. Lakini amri haina zamu ya pili, mtoto anatii au analia, basi. Ukiongeza sababu, umefungua mlango: "Usiguse, moto! Unaona moshi?" Sasa ana cha kujibu.

Nao wanaume? Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, wavuvi wengi hukaa nchi kavu, wakatengeneza nyavu na kuzungumza barazani. Mtoto wa miaka 2 akiketi karibu na baba anayeshona wavu ana darasa kamili mbele yake: kamba, sindano, boya, tundu kubwa, tundu dogo, vuta, funga, kata. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea tu ya kumwambia.

Na mazoea hayo hubadilika. Katika vijiji vya Wawolofu nchini Senegal, ilikuwa desturi kutomsemesha mtoto asiyejua kusema, na baadhi ya watu waliogopa kwamba kufanya hivyo huwavuta pepo wabaya. Shirika la Tostan liliendesha huko, kwa lugha ya wenyeji, mafunzo kwa wazazi kuhusu mtoto anavyojifunza. Ann Weber, Anne Fernald na Yatma Diop waliripoti mwaka 2017 kwamba walezi waliopitia mafunzo walisema zaidi na watoto wao, na lugha ya watoto hao ikasonga mbele kuliko ya wenzao. Kwetu sijaona hofu ya kumsemesha mtoto. Kinachotufunga zaidi ni kuona haya: mtu mzima, hasa mwanamume, huona atachekwa akionekana kichochoroni akimweleza mtoto wa miezi 8 kwa nini paka ana mkia.

Mato na macho

Wazazi wengi huuliza kama lugha mbili zitamvuruga mtoto. Bibi anamwambia kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ana mato mazuri, mwalimu wa chekechea anamwambia macho. Nyumbani "moja" huitwa "moya". Mama ni Mbajuni, yaya ni Mgiriama, na binamu aliyetoka Mombasa ameleta Kiingereza cha katuni. Jibu la utafiti ni la kutuliza: kukua na lugha au lahaja zaidi ya moja hakusababishi ugonjwa wa lugha. Mtoto anaweza kuwa na maneno machache katika kila lugha kuliko mwenye lugha moja, kwa hiyo ukihesabu, hesabu za lugha zote pamoja. Atachanganya, kama wanavyochanganya wakubwa wake.

Kinachodhuru ni mzazi kuiacha lugha anayoimudu akamsemesha mtoto kwa Kiingereza cha kubahatisha ili "amuandae kwa shule". Kiingereza hicho huwa ni amri na majina ya rangi, na mazungumzo hukauka kwa sababu mama mwenyewe ameishiwa. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka madarasa ya mwanzo yatumie lugha ya eneo la mtoto. Kiamu chenye utani na masimulizi kinamwandaa zaidi.

Akichelewa

Yote haya yanamhusu mtoto anayesikia na anayekua kama kawaida. Kwa mwenye tatizo, kuzungumza zaidi pekee hakutoshi, na kusubiri kunaweza kumgharimu. Miezi 12 bila kubwabwaja na bila kunyoosha kidole kuonyesha kitu. Miezi 18 bila maneno hata machache. Miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kama "maji taka" au "baba kuja". Au, katika umri wowote, kupoteza maneno aliyokuwa nayo: yoyote kati ya haya ni sababu ya kwenda kliniki. Utaambiwa watoto wa kiume huchelewa. Wastani wao uko nyuma kidogo kweli, lakini kidogo hicho hakielezi mtoto wa miaka 2 asiye na neno. Utaambiwa pia ulimi umefungwa ukatwe. Ulimi uliofungwa unaweza kumsumbua katika kunyonya na pengine katika baadhi ya sauti, ila haumzuii kuelewa anachoambiwa wala kuonyesha kwa kidole.

Kinachosahaulika zaidi ni masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusu ya yanayosemwa, na kwa mbali ataonekana mkaidi tu. Mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake asipokuona, siku tofauti, uone kama hugeuka.

Nafasi ya kuuliza ipo tayari, kwa sababu sindano za surua hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo wengi wanaoiruka. Kijitabu cha Mama na Mtoto kina sehemu ya hatua za ukuaji, mwombe muuguzi aifungue mpitie pamoja. Watafiti waliofanya kazi Kilifi walishatunga orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, ambazo mzazi huulizwa moja moja, kwa hiyo haya si mambo ya kupimwa kwa Kiingereza tu. Nenda na maelezo mahususi: anasema maneno gani, anaelewa yapi, ananyoosha kidole au hapana, anageuka akiitwa au hageuki. Ukiambiwa usubiri tu, omba rufaa ya kupimwa masikio kabla hujaondoka.